Mkono wa Asiyejua

Jumanne asubuhi Bwana Mara Moja aliingia karakana bila kubisha, akakaa juu ya meza ya kazi, akaikagua mashine kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnada. Jina lake la kweli lilikuwa refu, la Kikaburu, na hakuna mfanyakazi aliyejisumbua kulitamka. Katika Kiswahili neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "mara moja", basi ndilo likawa jina lake. Shamba zima lilimwita hivyo, isipokuwa mbele yake.

"Zungusha," akasema.

Murunga, fundi wa shamba, akashika hendeli akazungusha. Gurudumu la mkokoteni lililovishwa pete ya chuma likaanza kwa uvivu, likakolea, na gogo la mtarakwa lililopigiliwa misumari likanguruma ndani ya sanduku lake. Murunga akatia hindi moja kwa mkono wa kushoto. Likamezwa. Upande wa pili likatoka gunzi tupu, na punje zikamwagika ndani ya debe. Akatia la pili, la tatu. Mashine za kupukuchua kutoka ng'ambo zilikuwepo huko Eldoret kwa mabwana wenye pesa, lakini Bwana huyu hakuwa mmoja wao. Hii aliyokuwa akiitazama ilitengenezwa kwa vyuma vya takataka zake mwenyewe.

"Mzuri," akasema. "Jumatatu naanza kazi."

"Bwana, bado."

"Bado nini? Mimi naona na macho yangu. Nakula mahindi."

"Inakula yale niliyoichagulia, Bwana. Makavu, yaliyonyooka. Haijaonja ya ghalani. Na mdomo wake uko wazi, niliomba bati la kifuniko tangu mwezi wa kumi. Halafu gurudumu hili ni zito. Ukiachia hendeli linaenda mizunguko mitatu zaidi kabla ya kusimama. Anayelisha na anayezungusha lazima watazamane. Mimi na mke wangu tumezoeana, akinikonyeza tu najua. Lakini sasa yeye ni mzito."

"Mke wako, mke wako." Bwana akashuka mezani. "Lori nakuja Ijumaa, wiki mbili baada ya hii. Gunia mia mbili. Kama mashine naweza, napeleka kwa maonyesho mjini, wazungu yote naona, na wewe napata ile nyumba ya bati. Kama hapana, wewe rudi kwa jembe. Bati la kifuniko mwezi ujao."

Mlangoni akakutana na Kimeli, mnyapara, akamwambia kana kwamba amekumbuka jambo dogo, "Na ile wanawake ishirini ya kupiga mahindi, mwisho wa mwezi nakwenda. Baki wanne ya mashine."

"Ndiyo, Bwana," Kimeli akajibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea tu.

Murunga alibaki ameshika hendeli. Ujanani alifunzwa useremala misheni, na mwalimu wake, mzee mmoja mkali aliyekosa jicho moja, hakumruhusu mwanafunzi kuuza hata kigoda kabla hakijapita mikono mitatu. Kwanza mkono wa aliyekitengeneza. Pili mkono wa anayejua, mtu aliyekiona kikizaliwa. Tatu mkono wa asiyejua kabisa. "Huo wa tatu ndio mtihani," mzee alikuwa akisema. "Hiyo miwili ya kwanza ni kujisifu tu." Mashine ilikuwa imepita mikono miwili. Ilianza kama kigogo cha mti laini kilichopigwa misumari ishirini, kikapukuchua hindi moja kikavunjika. Ikaja ya pili, ya kuzungushwa kwa mnyororo wa baiskeli, ikatafuna punje kuwa unga. Hii ya tatu ilimchukua miaka miwili, na hakuna aliyewahi kuilisha isipokuwa yeye na Nelima.

*

Habari ilifika kwenye laini, safu ya vibanda vya wafanyakazi, kabla yake. Alimkuta Nelima, mkewe, amekaa kwenye kizingiti, mikono juu ya tumbo la miezi minane, na chai haijawekwa jikoni.

"Baba Phineas," akamwita kwa jina la mwana wao mkubwa, "ni kweli wanawake wanafukuzwa?"

"Mwisho wa mwezi."

"Na mama yangu ni mmoja wao."

Murunga akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nabwire, mama yake Nelima, alikuwa kibarua wa kupura mahindi kwenye shamba hilohilo tangu alipofiwa na mumewe. Huko kwao upande wa Kimilili mashemeji walishalima mpaka mlangoni pake. Kibanda alicholala hapa kilikuwa cha kazi. Kazi ikiisha, kibanda kinachukuliwa na mtu mwingine, na yeye achukue sufuria yake na blanketi aende anakojua.

"Umetengeneza mashine ya kumfukuza mama," Nelima akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

"Sikutengeneza kwa ajili hiyo."

"Najua. Lakini ndiyo kazi yake ya kwanza."

Jirani alikuwa akipasua kuni, na kila pigo lilisikika kama linapigwa ndani ya nyumba.

"Bwana anabakisha wanne," Nelima akasema. "Mmoja ni wa kulisha. Mweke mama."

"Mama mkwe?" Murunga aliinua kichwa kama aliyetukanwa. "Nelima, mimi na yeye tutatazamanaje?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Miaka saba walikuwa shamba moja na Murunga hakuwahi kumtazama Nabwire usoni. Akimwona kwa mbali alipinda njia. Nabwire naye aliteka maji kwa kuzunguka josho la ng'ombe, mwendo wa karibu maili nzima, ili asipite mbele ya karakana ya mkwe. Salamu zao zilipitia kwa Nelima, na hata ugali uliotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ulifunikwa. Kulikuwa na njia ya kulegeza miiko hiyo: mkwe alete mbuzi, wazee wakae, mbuzi achinjwe, halafu wawili hao waweze kusalimiana kwa mkono. Murunga aliahidi mbuzi mwaka wa kwanza wa ndoa. Kila mwaka mbuzi aliliwa na jambo jingine.

"Basi mwingine azungushe," Nelima akasema. "Wewe kaa kando uangalie. Muonyeshe Elphas wa trekta."

"Elphas hajui kuisikia. Itakatika meno siku ya kwanza, na Bwana ataniuliza mimi."

Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Ukweli uliobaki ni kwamba Bwana Mara Moja alikuwa anakuja na saa yake kutazama, na Murunga alitaka akutwe yeye ameshika hendeli. Miaka miwili aliipigia mashine hiyo misumari baada ya kazi. Hakuwa tayari kumpa Elphas siku yake.

"Zungumza na mama," akasema hatimaye. "Akikubali, mimi nitatafuta njia."

*

Nabwire alikuwa kwenye uwanja wa kupuria, amepiga magoti, rungu mkononi, akipiga gunia lililojaa mahindi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye ulimi uliowachekesha wenzake mpaka wakasahau migongo inayouma. Aliposikia maneno ya binti yake aliacha kupiga.

"Nisimame mbele ya mume wako, nimtumbulie macho kutwa nzima? Watu wa kwetu wakisikia watasema nimerogwa."

"Mayi, ukikataa utalala wapi?"

Nabwire akatazama rungu lake. Lilikuwa limekuwa jeusi na laini pale aliposhika. "Mbuzi wa mume wako," akasema, "sasa angekuwa na wajukuu." Akacheka peke yake. Halafu cheko likaisha, akawaza. "Hebu nikuulize. Hiyo mashine, lazima nimwone?"

"Yeye anasema ni lazima mtazamane, ili ujue atasimama lini."

"Mimi sitamtazama. Na yeye asinitazame. Tundikeni gunia katikati. Mimi nitakuwa huku na mahindi yangu, yeye kule na gurudumu lake. Ananisikia, namsikia, na heshima iko palepale."

Nelima alimpelekea mumewe jibu hilo, na Murunga alipolisikia alitaka kukataa. Yeye ndiye aliyejua mashine ile inasimamishwa na macho, si na kitu kingine. Lakini alimwona Nelima akisubiri, uso umechoka, na akafikiria kibanda cha Nabwire, na nyumba ya bati, na jembe. Akasema, "Tutaweka debe karibu na mguu wake. Akitaka nisimame, apige teke. Nitalisikia."

Nelima akapumua. Murunga naye alijiambia kwamba debe ni kama jicho.

Jumapili baada ya ibada Nelima alimpeleka mama yake karakana, Murunga akiwa ametoka kwenda mtoni Sosiani makusudi. Gurudumu lilifungwa kamba lisizunguke. Nelima akamwonyesha: hindi linaingia kwa ncha, vidole vinaishia hapa, kwenye mstari huu wa chaki, usivuke hapa. Nabwire akarudia mara kumi, mara ishirini, akipiga teke debe na kucheka kila likilia. Alijifunza upesi. Lakini alijifunza juu ya mashine iliyolala.

*

Jumatatu saa mbili mashine ilisimamishwa uwanjani. Gunia jipya lilining'inia kwenye waya kati ya hendeli na mdomo. Wanawake wengine walipewa kazi ya kubeba mahindi kutoka ghalani na kuzoa punje, nao walifanya bila kuimba. Walikuwa wanatazama kitu kitakachowarudisha kwao.

Kimeli alipoliona gunia aliuliza, "Hii ni ya nini?"

"Ni mama mkwe," Murunga akajibu chini chini.

Kimeli akatikisa kichwa, akaelewa. Kwao pia mtu hachezei wakwe. "Sawa. Lakini Bwana akiuliza, sema ni ya vumbi."

Ikaanza. Na jambo la kusikitisha zaidi katika habari hii ni kwamba mashine ilifanya kazi vizuri. Asubuhi yote ilikula na kutema. Gunia la kwanza lilijaa kabla jua halijapanda, la pili, la tano, la tisa. Upande ule wa pazia Murunga aliona tu miguu ya Nabwire, na kwa adabu hata hiyo hakuitazama. Alisikia mahindi yakiingia kwa mpigo usiobadilika, na moyo wake ukapanda. Alimwaza yule mzee wa jicho moja, akamwambia kimoyomoyo: unaona?

Saa tano Bwana Mara Moja akaja, saa mkononi. Akahesabu magunia, akapiga mluzi.

"Mzuri, Murunga! Sasa haraka kidogo. Mimi nataka ishirini leo."

Murunga akaongeza mwendo. Wakati huo wanawake walikuwa wamemaliza mahindi ya juu ghalani, wakaanza kubeba ya chini, yale yaliyolowa pale maji ya paa lililovuja yalipotuama sakafuni. Yalikuwa mazito, laini, mengine yameanza kuchipua. Nabwire alilihisi hindi la kwanza mkononi akajua halijakauka. Mwanamke aliyepura mahindi miaka saba hahitaji kuambiwa. Angekuwa na mtu wa kumtazama, angemtazama. Alilitia. Likakwama mdomoni, likazunguka pale pale bila kushuka. Akalisukuma kwa hindi jingine, nalo likakwama. Akatafuta debe kwa mguu.

Debe halikuwepo. Punje zilikuwa nyingi kuliko vyombo, na dakika chache kabla mwanamke mmoja aliyeharakishwa na kelele za Kimeli alikuwa ameliona debe tupu limekaa bure, akalichukua kuzolea. Hakuna aliyemweleza kazi ya debe hilo.

Mguu wa Nabwire ukapapasa vumbi. Kilichobaki kilikuwa kupaza sauti. Kumpigia kelele mkwe wake, amwambie "simama", mbele ya wanawake wote na mnyapara na mzungu. Alifungua kinywa, akakifunga. Akaona afadhali asukume kidogo tu kwa vidole, lipite, yaishe.

Upande wa pili Murunga alihisi hendeli imekuwa nzito. Alidhani ni hindi nene. Bwana alikuwa amesimama nyuma yake na saa, basi akakaza mikono, akazungusha kwa nguvu zaidi.

Hakuna ukelele uliosikika. Wanawake waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba Nabwire alitaja jina la Yesu, polepole, kama mtu anayeomba chakula kabla ya kula. Kilichomsimamisha Murunga zilikuwa punje. Aliona zinazoanguka chini zimebadilika rangi, akaachia hendeli, na gurudumu likaendelea. Mzunguko mmoja. Akalishika kwa mikono, likamchuna ngozi. Mzunguko wa pili. Akaweka bega. Wa tatu haukufika mwisho.

Hapo ndipo alipong'oa gunia.

*

Bwana Mara Moja mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali, kwenye gari lake. Alitoa shuka yake ya kitandani kufungia mkono ule. Watu wa laini walilikumbuka jambo hilo kwa muda mrefu, kwa sababu hawakulitegemea, na kwa sababu halikubadilisha kitu.

Vidole vinne vya mkono wa kulia havikuokolewa. Kilibaki kidole gumba.

Siku ya tatu Nelima alipanda gari la maziwa mpaka mjini, Murunga akamfuata kwa miguu maili saba kwa kuwa nafasi ilikuwa moja. Wodi ya Waafrika ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya dawa na sabuni. Muuguzi, dada mmoja aliyeitwa Tryphosa, aliwapokea mlangoni.

"Nyinyi ni wa mama wa mashine? Ingieni, ameamka."

Nelima akaingia. Murunga akabaki nje ya mlango, mgongo kwenye ukuta.

"Na wewe baba?"

"Mimi ni mkwe."

Tryphosa alikuwa wa huko huko kwao. Hakumwuliza tena, akamletea kigoda akae pale pale nje, karibu na mlango, ambapo sauti ilifika.

Ndani, Nelima alilia mpaka akashindwa kuongea. Nabwire akamwacha alie, halafu akamwambia anyamaze asije akamzaa mtoto hapo sakafuni. Akamwuliza kama kuku wake wanalishwa. Akauliza nani amechukua sufuria. Mwisho akashusha sauti.

"Mume wako yuko wapi?"

"Yuko hapo mlangoni, Mayi."

"Basi mwulize. Mashine iliharibika?"

Nelima hakuelewa.

"Nilihisi kitu kimevunjika ndani," Nabwire akasema. "Nikasema, maskini, nimemharibia mkwe kitu chake, na mzungu amesimama pale. Mwulize kama ilipona."

Nelima akageukia mlango, lakini hakuhitaji kurudia swali. Murunga alikuwa amelisikia. Alijaribu kujibu, ikatoka sauti ambayo hata Tryphosa, aliyezoea wanaume wa aina zote katika wodi ile, aliondoka ili asiisikie. Alilia kama mtoto, kofia mdomoni. Alijichukia, aliichukia mashine, alimchukia Bwana na saa yake, kisha akarudi kujichukia tena, maana huko ndiko ukweli ulikokuwa.

"Anasema ilipona," Nelima akamwambia mama yake.

"Namshukuru Mungu," Nabwire akasema, akafumba macho.

*

Bati la kifuniko lilipatikana keshoye. Halikuwa limekosekana hata siku moja. Lilikuwa nyuma ya stoo ya Bwana, limeegemea ukuta. Bwana alilileta mwenyewe, akaliweka juu ya meza ya kazi.

"Lori hapana ngoja," akasema. "Tengeneza ile kitu yako." Akasimama kidogo. "Mimi hapana taka hii, Murunga."

"Ndiyo, Bwana."

"Ile gunia kosa yako."

"Ndiyo, Bwana," Murunga akasema. Kosa hilo alikuwa amelikubali kabla hajaambiwa. Alilolitaka ni mtu mmoja tu shambani akubali na lake.

Akatengeneza. Akakunja bati likawa bomba refu kiasi kwamba mkono hauwezi kufika kwenye meno hata mtu akitaka. Akafunga breki ya mti kwenye gurudumu, na kamba yake ikaning'inia upande wa anayelisha, ili asimamishe mwenyewe bila kumwomba mtu. Mambo hayo mawili yalimchukua siku mbili. Miaka miwili ya kazi, na siku mbili alizonyimwa ndizo zilizokuwa na vidole vya mtu ndani. Ilipokwisha aliilisha mahindi mabovu, akasukuma fimbo, akasukuma mkono wake mwenyewe mpaka bega likagonga bati. Halafu akamwomba Kimeli amletee mtu ambaye hajawahi kuiona.

Kimeli akaleta mama mmoja wa Kikeiyo, Jepkemboi, aliyekuja kuomba maziwa ya mtindi. Murunga akashika hendeli akazungusha, bila kumweleza neno. Jepkemboi akaitazama, akatia hindi, akaona linakwama, akavuta kamba. Gurudumu likasimama.

"Imekomaa," Kimeli akasema.

"Imekomaa," Murunga akasema. Hakuna furaha aliyoisikia mahali popote mwilini.

Gunia mia mbili zilikwenda na lori. Mashine ilikwenda mjini kwenye maonyesho, imepakwa rangi ya kijani, na kibao kimeandikwa jina refu la Kikaburu. Ilirudi na utepe wa ushindi. Bwana alimpa Murunga ufunguo wa nyumba ya bati na mkono wa pongezi, na mwisho wa mwezi wanawake wakaondoka kama ilivyosemwa. Walibaki wanne. Nabwire hakuwa miongoni mwao, kwani Bwana alisema mtu wa mkono mmoja hafai kwa mashine.

*

Lori la kuwapeleka wanawake stesheni lilisimama karibu na josho. Nabwire alikuja na bunda lake kichwani, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kifuani. Mashemeji walikuwa wameandikiwa barua. Hawakujibu, lakini hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Nelima alimsihi akae kwao, kwenye nyumba ya bati yenye vyumba viwili. Nabwire alimtazama binti yake kwa huruma. Mama kulala nyumba moja na mkwe! Hata akiwa hana mkono wowote.

Nelima alikuwa amejifungua wiki ile, msichana. Nabwire akatua bunda, akampakata kwa mkono wa kushoto, akamnusa utosini kwa muda mrefu. Alijaribu kurekebisha nguo ya mtoto kwa mkono ule mwingine, kitambaa kikateleza, akaurudisha haraka kifuani.

Murunga alikuwa amesimama kando ya ukuta wa josho, uso chini, kama inavyopasa. Aliyaona yale. Kitu kikamkatika ndani. Akajiuliza heshima hii imebaki ya nini, baada ya yaliyotokea. Akaondoka ukutani, akatembea mpaka mbele ya lori, mbele ya wanawake wote na Kimeli, akainua uso wake, akamtazama Nabwire machoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba aliona kwamba macho yake ni ya Nelima.

"Mama," akasema. "Nisamehe."

Wanawake wakashika midomo. Nabwire akamgeuzia mgongo upesi, mtoto kifuani, akaficha uso katika nguo yake. Alipozungumza, alizungumza na Nelima, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetuma ujumbe wa siku zote.

"Mwambie si hivyo. Mwambie nimesikia. Lakini haya mambo yana utaratibu wake, asifanye haraka tena. Mbuzi kwanza."

Akamrudisha mtoto kwa mama yake. Wenzake wakamvuta juu ya lori kwa mkono wa kushoto, na Murunga akainamisha kichwa, akabaki akitazama chini mpaka mlio wa injini ulipopotea upande wa stesheni.